Siku Nilipomuua Mzee Ogada kwa Burashi

Kabla hamjaanza kuniita msanii, vijana wangu, acheni niwaambie mimi ni mtu gani. Mimi ndiye niliyechora fahali mwenye kiwele. Kama ulipita Kehancha miaka ile ukaona watu wamejazana mbele ya bucha, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na hakuna hata mmoja anayenunua nyama, basi hiyo ilikuwa kazi yangu. Mwenye bucha alitaka ng'ombe wa kuvutia wateja. Mimi ni mtoto wa Suna, mtu wa mjini, ng'ombe niliyemjua vizuri ni yule aliyekwisha kuingia kwenye sufuria. Nikampa nundu, nikampa pembe na shingo nene ya dume, halafu nikaona chini kumebaki wazi sana, nikaongeza kiwele kilichojaa maziwa.

Wakuria, wenyeji wa pale, ni watu wa ng'ombe. Mzee mmoja alikuja, akaegemea fimbo yake, akatazama kile kibao kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kumnunua yule mnyama. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Kijana, huyu tukimchinja, tutasema tumekula baba ama mama?"

Nilifuta kiwele saa hiyo hiyo, nimesimama juu ya ngazi, umati ukinishangilia.

Nawaambia haya kwa sababu tangu mtu alipoipiga picha kwa simu ile kazi yangu ya kijiji cha Karungu na kuisambaza, mmekuwa mkija hapa nyumbani mkitaka niwape siri. Mmoja wenu juzi aliniuliza "falsafa" yangu ni nini. Falsafa yangu ilikuwa kumaliza kabla mvua haijanyesha. Nilifanya kazi ya rangi zaidi ya miaka arobaini, nikaacha kwa sababu mashine za kuchapisha mabango zilifika mjini na mkono wangu ukaanza kutetemeka, na sitaki kujua kipi kilitangulia. Lakini ile picha ina mambo yake, na nadhani ni haki myasikie kutoka kwangu, kwa sababu ninyi mnaona rangi nzuri na mimi nikiiona bado masikio yanapata moto.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Sefu, mtu wa Pwani aliyekuja Migori kufuata biashara ya shemeji yake, biashara ikafa, yeye akabaki. Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya katikati ya mji, imejaa mikebe na harufu ya tapentaini. Kiswahili changu hiki mnachokisifu nilikiokota pale, nikisafisha burashi na kusahihishwa. Sefu alikuwa hagombi. Ukikosea alikuwa anafunga macho, anavuta pumzi, kisha anasema, "Mwanangu, nani kakuudhi leo?"

Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja anashika huku, mwingine kule, unavuta uzi katikati unauachia, pap, mstari umenyooka kuliko tabia yako. Alinifundisha kuegemeza kiganja juu ya fimbo ili mkono usiguse rangi mbichi, na kuvuta pumzi ninapoanza herufi na kuiachia pole pole ninapoimaliza. Bango, alisema, linasomwa na mtu aliye juu ya pikipiki inayokimbia huku anafikiria mambo yake, kwa hiyo kila kitu lazima kiwe na ukingo. Herufi iwe na ukingo, samaki awe na ukingo, hata moshi wa chai uwe na ukingo. Rangi isiyo na ukingo kwake ilikuwa uchafu wa kufuta na kitambaa.

Niliishi na dini hiyo ya ukingo mpaka nilipopita miaka hamsini. Ndipo nikakutana na Mwalimu Akinyi.

Mwalimu Akinyi alikuwa anafundisha sanaa katika shule moja ya sekondari upande wa Homa Bay, na alikuwa anakaribia kustaafu. Shule iliniita nichore ramani ya Afrika ukutani. Wakati wa chai akanionyesha kitabu kikubwa, akafungua ukurasa wenye kijiji cha Ufaransa kando ya mto. Mimi nikatazama, nikamhurumia. Nikamwambia, "Mwalimu, kitabu chako kilinyeshewa. Rangi zimetembea."

Hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo. Alikiegemeza kitabu ubaoni, akanishika bega, akanirudisha nyuma hatua kama kumi. "Sasa bana macho kidogo, kama mtu anayetazama jua." Nikabana. Vijana, yale madoadoa yakaungana. Mto ukawa na maji, na moshi ukapanda kutoka kwenye bomba la nyumba, na nikajua bila kuambiwa kwamba ni asubuhi na kuna baridi. Nikasogea karibu, yakawa madoa tena. Nikarudi nyuma, ikawa asubuhi. Nilienda mbele na nyuma mpaka chai ikapoa na kengele ikalia.

Akanieleza kwamba watu hao walichoka kuchora ndani ya nyumba. Wakabeba rangi zao wakatoka nje, wakachora kwa haraka, kwa sababu mwanga haukai. Mtindo wao unaitwa impreshonizimu, neno ambalo mimi nimelitamka vibaya mbele ya watu wengi. Hawakuchora nyumba, alisema. Walichora mwanga ulioangukia nyumba kwa saa moja ya siku moja. Na kivuli hakiwi cheusi. "Nenda nje utazame," akaniambia, "halafu urudi uniambie kivuli cha mti ule ni rangi gani." Nikaenda nikiwa na hakika ya jibu. Kilikuwa cha zambarau, karibu na shina kina kijani. Miaka hamsini na kitu nimekaa kwenye kivuli na sikuwahi kukitazama.

Alipostaafu alinigawia mirija yake ya rangi iliyobaki. Hapo ndipo nikawa mgonjwa. Nilikuwa nasimama Suna sokoni nimebana macho, watu wakidhani nimepatwa na kitu. Nilichora kuku wa jirani kwa mapigo saba ya burashi, jirani akaniuliza kwa nini nimechora sweta. Mwenye hoteli kule Karungu, aliyetaka samaki wa kawaida ukutani, nikampa "mwanga juu ya samaki", akanifukuza, nikarudi kesho yake nikampa samaki mwenye ukingo, macho, magamba na tabasamu. Nilijiona ninaonewa. Nilijiambia kwamba siku moja atakuja mtu mwenye kuelewa.

Akaja Mama Rispa.

Alikuja Suna asubuhi moja ya Jumatatu, amevaa viatu vya kanisani, akakaa kwenye benchi langu kabla sijamkaribisha. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mtu wa Karungu, Msabato wa sawasawa, sauti yake ya chini lakini haikatiki. Akasema, "Fundi, nataka unichoree dala."

Dala ni boma, nyumbani. Nikamuuliza kwa nini asipige picha kwa simu kama watu wengine.

"Simu ameletewa," akasema. "Aliiangalia akairudisha. Anasema nyumba yake haiwezi kuwa ndogo kama kiberiti."

Aliyeirudisha simu alikuwa mume wake, Mzee Ogada. Figo zake zilikuwa zimekataa, na ikabidi ahamie kwa mtoto wao wa kiume mjini Homa Bay ili awe karibu na hospitali, asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Mwanzoni alikubali. Baada ya miezi akaanza kuuliza kila siku lini atarudi Karungu. Wanawe waliogopa kumpeleka hata kwa siku moja, wakijua akifika hatakubali kutoka. Wiki ile mzee akakata maneno: hapandi tena kile kitanda cha hospitali mpaka aone boma lake. Siku moja ya kusafishwa ilikuwa imeshapita.

"Daktari amesema akikosa wiki mbili tunazika," Mama Rispa akasema. "Kama yeye hawezi kwenda kwa dala, basi dala iende kwake. Iwe kubwa. Ajione yuko kwao. Labda atakubali."

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, nitachora kila kitu kama kilivyo." Mimi nilichosikia moyoni ni kwamba mteja wangu amefika. Nikamwambia, "Nitakuchorea asubuhi ya Karungu mpaka mzee asikie baridi."

Kesho yake nikapanda boda boda na ubao wa plaiwudi wa futi nne kwa tatu mgongoni. Msijaribu. Upepo wa ziwani ulikuwa unatushika tukienda upande upande, na dereva alikuwa anapiga kelele, "Mzee, inamisha hiyo mlango yako!" Nilifika nikiwa nimeinamisha kila kitu pamoja na heshima yangu.

Boma la Mzee Ogada lilikuwa kwenye mteremko unaotazama ghuba. Ua wa mnyaa umelizunguka, lango linatazama chini upande wa maji. Wanawe walikuwa wamejenga nyumba ya mabati ya kisasa, lakini katikati, ikitazamana na lango, ilibaki nyumba ya zamani ya nyasi ambayo mzee alikataa isibomolewe. Ndiyo aliyoijenga alipooa. Asubuhi jua linaigonga kutoka upande, na nyasi zile kuukuu zinakuwa na rangi ambazo sikuwahi kuzifungua kutoka kwenye mrija: waridi, shaba, kijivu chenye bluu. Nikabana macho. Nikabana kweli kweli.

Nilifanya kazi asubuhi mbili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili hivi, mwanga ulipokuwa unabadilika nilikuwa naacha. Hilo chukueni: mwanga ukiondoka, weka burashi chini, usidanganye kwa kumbukumbu. Na jingine: usikoroge rangi mpaka ife. Ziweke mbili kando kando, jicho la mtazamaji litazikoroga lenyewe. Ua wa mnyaa nilioupiga kwa kijani na chungwa hivyo hivyo ndio unaowafanya ninyi mseme unatikisika. Mama Rispa aliyekuwa anafagia uwanja nikampiga kwa doa moja la manjano na mstari wa bluu. Ng'ombe nikawapa doa la hudhurungi kila mmoja, bila kiwele wala nundu, kwa sababu mtu hujifunza. Majirani walipita nyuma yangu wakanong'ona. Mama mmoja akauliza kama nitaanza kuchora ama bado natayarisha ubao.

Siku ya tatu tulikuwa Homa Bay, sebuleni kwa mtoto wao. Mzee Ogada alikuwa amekaa kwenye kochi amejifunika shuka, mtu mrefu aliyekuwa amepungua ndani ya nguo zake, mkono wa kushoto una plasta. Alinisalimia vizuri, akaniuliza ukoo wangu, akamkumbuka babu yangu kwa jambo ambalo si la sifa. Ndugu yake mdogo, Ogweno, alikuwa amekuja kutoka Karungu na kofia yake ya kaki. Huyu ni mtu anayependa kila kitu kithibitishwe. Mama Rispa alikaa ukingoni mwa kiti, mikono imefungana.

Nikaondoa shuka juu ya ubao.

Ogweno akaja mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Fundi, hii imemwagika ama umemwaga?"

"Rudi nyuma, mzee."

"Ng'ombe wangu wa maksai wako wapi?"

"Ni hao. Rudi nyuma kwanza."

Nikawarudisha wote mpaka mlango wa jikoni, nikamwacha Mzee Ogada kwenye kochi kwa kuwa alikuwa mbali vya kutosha. Nikawaambia wabane macho. Nilikuwa na furaha, siwafichi. Nilikuwa Mwalimu Akinyi sasa, nilikuwa hata nimepandisha kidevu kama yeye. Nikaona uso wa Mama Rispa ukilegea. "Yawa," akasema polepole, "hiyo ni asubuhi ya kwetu. Hata umande uko." Mzee Ogada alikuwa amesogea mbele kwenye kochi. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikajua tumeshinda, kesho mzee ataenda hospitali, na mimi nitazungumzwa.

Ndipo Ogweno, macho yamebanwa kama nilivyomfundisha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ogada alikufa lini?"

Sikuelewa. Nikatazama picha, nikamtazama mzee aliye hai kwenye kochi, nikatazama picha tena. Na nikaona.

Niwaeleze ninyi ambao si Wajaluo, na ninyi Wajaluo mliokulia ghorofani. Juu kabisa ya paa la nyasi la mwenye boma husimama kijiti kirefu chenye ncha. Kinaitwa osuri. Kikiwa kimesimama, mwenye boma yuko hai. Akifa, kinavunjwa, na mtu yeyote anayepita barabarani anajua bila kuuliza kwamba boma lile limefiwa na mwenyewe. Ni kitu chembamba. Ukibana macho sana asubuhi yenye mwanga wa upande, hukioni. Mimi nilikuwa nimekibana mpaka kikapotea. Paa la Mzee Ogada kwenye picha yangu lilikuwa laini, la mviringo, zuri, na lilikuwa paa la marehemu.

Na mimi ni Mjaluo. Simba yangu, ile nyumba ya kijana bomani kwa baba, ilijengwa kwa mila, baba yangu alizikwa kwa mila, osuri ya babu yangu niliiona ikivunjwa kwa macho haya. Sina pa kujificha.

Mtu anayezama hushika chochote, mimi nikashika sanaa. Nikasema, "Mzee, mtindo huu hauonyeshi vitu vidogo vidogo. Unaonyesha mwanga."

"Osuri ni kitu kidogo?" Ogweno akauliza.

"Kwa mbali jicho haliioni."

"Mimi nimeiona kwa mbali kila siku tangu nizaliwe. Nikitoka ziwani ndiyo naangalia kwanza."

Mama Rispa alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Lakini kilichonikata maini kilitoka kwenye kochi. Mzee Ogada alikuwa ameegemea nyuma tena, na hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Kumbe mmeshaamua," akasema. "Basi hospitali ya nini?"

Mama Rispa akaenda akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa Dholuo kwamba hakuna aliyeamua kitu, ni makosa ya fundi, fundi ni mjinga. Nikaitikia. Nikasema ndiyo, mimi ni mjinga, nilichora fahali mwenye kiwele Kehancha, ulizeni mtu yeyote. Sijui kwa nini nililisema hilo. Mzee alinitazama mara moja, akageuza uso ukutani. Nilihisi nimebeba mtu kwenye mikono yangu na anateleza, na sikuwa na mahali pengine pa kumshika.

Nikafungua sanduku langu nikatoa burashi nyembamba. Nikamwambia nitaiweka sasa hivi, dakika moja tu. Ogweno akaja akasimama kati yangu na ubao.

"Wewe? Umeshamzika, sasa unataka kumfufua?"

"Nimekosea, mzee wangu. Niache nirekebishe."

"Hapana. Mkono huo uliomtoa hauwezi kumrudisha."

Tukabaki hivyo, wazee wawili, mmoja na burashi na mwingine na kofia. Halafu sauti ikatoka kwenye kochi, bado imegeukia ukutani. "Ogweno. Ile ya kwanza nani aliiweka?"

"Ni wewe. Ulipanda juu na mimi nilikuwa nimeshika ngazi."

"Basi nipandishe."

Walimwinua, mkewe upande mmoja, ndugu yake upande wa pili. Mimi nikachanganya hudhurungi na bluu ya giza, nikampa burashi, nikaanza kumwelekeza namna ya kuvuta pumzi. Akaniambia ninyamaze. Mkono wake ulikuwa unatetemeka zaidi ya wangu wa leo. Akaugusisha ubao pale kileleni mwa paa na akavuta kwenda juu. Akaendelea kuvuta. Nilidhani ataacha, hakuacha. Mstari ulipinda kidogo kushoto, ukanenepa katikati, ukapita nilipochora vilima, ukaingia kwenye anga langu la waridi ambalo nililifanyia kazi asubuhi mbili, ukaishia karibu na ukingo wa ubao.

Ogweno akarudi nyuma, akabana macho. "Hiyo ni osuri ama mlingoti wa simu?"

Mzee Ogada akacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikamtoa kikohozi, mkewe akamshika kifuani, na bado alikuwa anacheka. Wakamrudisha kwenye kochi. Aliikazia picha ile macho kwa muda, kisha akamuuliza mkewe kama kesho ndiyo siku ya hospitali. Mama Rispa akasema ndiyo. Akasema basi waandae nguo zake za asubuhi.

Mimi nilienda jikoni nikanywa maji. Nililia pia, lakini kidogo, kwa sababu kulikuwa na mtu anakaanga samaki.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuwa bila aibu. Mzee alienda hospitali, na akaendelea kwenda zaidi ya mwaka. Picha ilikuwa mbele ya kochi lake. Nami kila nilipomtembelea, baada ya salamu na chai, macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye ule mstari. Ulikuwa mkubwa mno. Ulikuwa kitu pekee chenye ukingo katika picha nzima, kinakata anga langu vipande viwili. Siku moja nikamwomba nilainishe ncha yake kidogo tu, kwa rangi ya anga. Mzee Ogada akaniuliza, "Unataka kunipunguza kwa kiasi gani?" Sikuomba tena, lakini niliendelea kutaka.

Alifariki usingizini, msimu wa mvua. Walimzika Karungu ndani ya boma lake, na picha ikarudishwa pale, ikatundikwa sebuleni kwenye nyumba ya mabati. Siku chache baada ya mazishi Ogweno akanipigia simu. Osuri ya nyumba ya nyasi ilikuwa imevunjwa kama inavyotakiwa, akasema, sasa imebaki ile ya kwenye picha. Haifai boma moja kusema maneno mawili. "Njoo na rangi ya anga."

Ningependa kuwaambia kwamba nilihuzunika. Nilihuzunika, nilimpenda yule mzee. Lakini nilipokuwa nachanganya ile rangi hapa Suna nilikuwa napiga mluzi. Nilichanganya waridi na kijivu na bluu mpaka nikapata anga lile lile, sijawahi kulenga rangi vizuri hivyo maishani mwangu. Nikaimimina kwenye mkebe mdogo, nikaufunika, nikapanda boda boda nikijiambia kwamba hatimaye picha yangu itakuwa jinsi ilivyopaswa kuwa.

Ogweno alinipokea langoni. Tukapita nyumba ya nyasi, paa lake limebaki butu, sikuweza kulitazama vizuri. Sebuleni Mama Rispa alikuwa amekaa chini ya picha, mgongo ukutani, na hakuinuka. Nikatoa pole. Ogweno akamwambia, "Shemeji, fundi amefika. Sogea kidogo."

"Ya nyumba mmevunja, sikusema kitu," Mama Rispa akajibu. "Hiyo ni mila. Hii hamtagusa."

"Ogada amekufa, Rispa. Haiwezi kusimama."

"Nilikuwa ninafagia." Alinyoosha kidole juu bila kugeuka, na kidole kikafika sawasawa kwenye lile doa la manjano. "Huyo ni mimi. Kuna umande, ng'ombe hawajatoka. Nani alikwambia hapo amekufa? Hapo Ogada yuko ndani, anavaa viatu."

Ogweno alisogea mbele mpaka karibu na ubao, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Akabana macho. Akatazama ule mlango wa nyumba ya nyasi pale pichani kwa muda mrefu, na polepole akavua kofia yake ya kaki.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkebe wa anga mkononi. Mlango ule niliupiga kwa pigo moja tu la zambarau, asubuhi ya pili, kwa haraka, mwanga ukiwa unaondoka. Haikunijia hata mara moja kwamba kulikuwa na mtu ndani.